Uchumi jumla wa nchi zetu ufundishwe pamoja na historia yake

Mhariri,

Kila mwaka, dirisha la udahili wa shahada za uzamili linapofunguliwa, vijana waliomaliza shahada ya kwanza ya uchumi huniuliza ni wapi wanaweza kusoma vizuri uchumi jumla (yaani uchumi wa nchi nzima: bei, ajira, fedha na ukuaji) wa nchi zinazoendelea, na wazazi wao huniuliza kama ada watakayolipa ina tija. Nafundisha somo hilo, na naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo naona tumelinyamazia kwa muda mrefu mno. Wanafunzi wetu wa uzamili wanafundishwa zana za somo kwa bidii kubwa, lakini hawafundishwi uchumi wenyewe ambao zana hizo zinatakiwa kuuchunguza. Wanahitimu wakiwa na uwezo wa kuandika milinganyo ya ukuaji wa uchumi ya mchumi wa Marekani Robert Solow bila kufungua daftari, ilhali wengi wao hawawezi kueleza kwa nini maduka ya Tanzania yalikuwa matupu mwaka 1983.

Sisemi hivi kwa kuidharau hisabati. Mwanafunzi asiyejua kutafuta kima cha juu cha manufaa ya kaya katika vipindi vingi, au asiyeelewa urari wa malipo ya nje unavyofungamana na nakisi ya bajeti, hatafika mbali, na mwalimu anayemwonea huruma kwa kumpunguzia mzigo huo anamwibia. Ninachodai ni kwamba zana hizo zikifundishwa peke yake zinamfanya kijana aione nchi yake kama nakala mbovu ya Marekani, yaani uchumi uleule wenye kasoro kadhaa za kusahihishwa, wakati ni uchumi wenye mantiki yake ambayo inabidi isomwe kwanza.

Kwa maoni yangu hakuna kipindi chenye mafunzo mengi kwa mwanafunzi wa uchumi jumla wa Tanzania kuliko miaka kati ya 1975 na 1986. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na nchi zetu zikapata fedha za kigeni ambazo hazikuzitarajia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikalazimika kujenga upya huduma zilizokuwa za pamoja. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa, na akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka ndani ya muda mfupi. Mwishoni mwa mwaka huo vita vya Kagera vikaanza, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena duniani. Mambo haya yalipokutana, nchi ikabaki haina fedha za kuagizia vipuri, malighafi wala mafuta.

Hapo ndipo palipozuka mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Shirika lilitaka thamani ya shilingi ishushwe, matumizi ya serikali yapunguzwe na udhibiti wa bei ulegezwe. Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu tangu 1966 na wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, aliona makubaliano na Shirika hayaepukiki. Mwalimu Nyerere hakukubali. Mtei akaondoka serikalini mwishoni mwa 1979, na katika salamu za mwaka mpya kwa mabalozi mwezi Januari 1980 Mwalimu akauliza ni lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Serikali ikajaribu mipango yake yenyewe mwaka 1981 na 1982, ikawasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, na mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Makubaliano na IMF yalikuja mwaka 1986, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka huo ilifika zaidi ya shilingi 50 mwishoni mwake.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kisiasa, na watu huchagua upande kufuatana na wanavyompenda au kutompenda Mwalimu. Kwa mwanafunzi wa uzamili ni jambo jingine kabisa. Ndani yake kuna swali la kitaalamu ambalo linaweza kuwekwa kwenye milinganyo: je, kushusha thamani ya fedha kunaongeza mauzo ya nje katika nchi ambayo mkulima hana cha kununua, lori halina tairi na kiwanda hakina malighafi? Waliosema ndiyo walikuwa na hoja, kwa sababu shilingi iliyopewa thamani kubwa kuliko stahili yake ilimkata mkulima wa kahawa na pamba sehemu ya jasho lake bila kuitwa kodi. Waliosema hapana nao walikuwa na hoja, kwa sababu bei nzuri peke yake haibebi gunia kutoka shambani hadi bandarini. Mwanafunzi anayeweza kuzipima hoja hizo mbili kwa takwimu na kwa nadharia, bila ushabiki, huyo amesoma uchumi jumla.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la mkulima kukosa cha kununua, kwa sababu ni mchango mkubwa ambao uchumi wa Tanzania ulitoa kwa elimu ya uchumi duniani, na wanafunzi wetu wengi hawaujui. Vitabu vinafundisha kwamba bei ya zao ikipanda, mkulima atalima zaidi. Wachumi David Bevan, Paul Collier na Jan Willem Gunning, pamoja na wenzao, waliulinganisha uchumi wa vijijini wa Kenya na wa Tanzania wa miaka ile, wakaeleza hali ambamo kanuni hiyo inageuka. Mkulima wa pamba hauzi pamba kwa sababu anazipenda noti. Anauza ili apate sabuni, sukari, khanga, mafuta ya taa, baiskeli na mabati. Duka la kijiji likiwa halina chochote, na vitu vichache vinavyofika vikigawiwa kwa foleni au vikiishia kwa walanguzi, shilingi ya ziada haimletei kitu. Kwa hiyo anapunguza pamba, anaongeza mahindi na mihogo ya nyumbani, anapumzika zaidi, au anavusha mazao kwa magendo mpaka mahali ambapo fedha inanunua vitu. Mazao ya kuuza nje yanapungua, fedha za kigeni zinapungua, kiwanda cha sabuni kinakosa malighafi, na duka linazidi kuwa tupu.

Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kuelezwa na profesa. Walipanga foleni kwenye maduka ya kaya, walikula unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na walijua kwamba mwenye fedha asiye na jamaa kwenye kampuni ya biashara ya mkoa alikuwa sawa na asiye nazo. Kilichofanywa na wachumi wale ni kuonyesha kwamba uzoefu huo una mantiki ya uchumi jumla: kwamba katika soko lenye mgawo, kupandisha bei ya zao bila kuleta bidhaa dukani kunaweza kupunguza mauzo, na kwamba msaada wa bidhaa za matumizi kwa vijiji ungeweza kuongeza mauzo ya nje kuliko msaada wa mitambo. Hili ni jambo zito. Linabadilisha ushauri ambao mchumi angempa waziri. Lakini namkuta kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya uzamili ambaye hajalisikia kabisa, na ambaye akiulizwa kuhusu uhaba wa miaka ile atasema tu kwamba sera zilikuwa mbaya.

Kutoijua historia hiyo kunamharibia pia kazi ya takwimu, ambayo ndiyo anayoiona kuwa fahari yake. Nimesoma tasnifu nyingi za uzamili zinazopima athari za thamani ya shilingi, au za ujazi wa fedha, kwa ukuaji wa uchumi, kuanzia mwaka 1970 hadi juzi. Mwanafunzi anapakua takwimu za kila mwaka kutoka kwenye kanzidata ya Benki ya Dunia, anapata mistari hamsini, anaiingiza kwenye programu ya kompyuta, na baada ya majaribio kadhaa anatoa namba zenye desimali tatu. Mistari hiyo hamsini inaunganisha nchi tatu au nne tofauti zilizokaa ndani ya mipaka ileile. Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la 1967 benki zilikuwa mali ya umma, riba ilipangwa na bei zilipangwa. Baada ya sheria ya benki ya 1991 na ya fedha za kigeni ya 1992, benki binafsi ziliingia na maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa. Sheria ya 1995 iliipa Benki Kuu kazi ya msingi ya kulinda uthabiti wa bei. Kuanzia Januari 2024 Benki Kuu imeanza kuongoza sera ya fedha kwa kutangaza riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5. Kutafuta uhusiano mmoja usiobadilika katika kipindi chote hicho ni kudai kwamba hakuna lililotokea.

Namba zenyewe nazo zina historia. Mfumuko rasmi wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitokana kwa sehemu na bei zilizopangwa, wakati bidhaa zenyewe zilipatikana kwa bei ya ulanguzi. Pato la Mtanzania kwa dola lilionekana kuporomoka baada ya 1986, na mwanafunzi asiyejua anaandika kwamba mageuzi yaliwafukarisha watu ghafla, kumbe sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokana na kubadilishwa kwa kiwango kilichotumika kugeuza shilingi kuwa dola. Ghana ilipopitia upya hesabu zake mwaka 2010, pato lake liliongezeka kwa takriban asilimia 60. Nigeria mwaka 2014 kwa takriban asilimia 89. Kenya mwaka huohuo kwa takriban asilimia 25. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri katika nchi hizo. Hata kapu la bei letu, yaani orodha ya bidhaa zinazotumika kupima mfumuko, limebadilika: uzito wa vyakula na vinywaji visivyo na kilevi ulikuwa asilimia 47.8, ukashuka hadi 38.5, na katika kapu la mwaka 2020 ni 28.2. Anayelinganisha mfumuko wa 2011 na wa leo bila kujua hilo anapima kwa vipimo viwili.

Nimeutaja mwaka 2011, na nina sababu. Mwaka ule ukame ulipiga ukanda wetu, bei za chakula na mafuta zikapanda, na Tanzania ikaingia kwenye mgawo wa umeme kwa sababu mabwawa yalikuwa yamepungua maji. Mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8 mwezi Desemba, Kenya asilimia 19.7 mwezi Novemba, na Uganda takriban asilimia 30 mwezi Oktoba. Shilingi ya Kenya ilivuka 100 kwa dola. Nchi zilijibu kwa njia tofauti. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 mwezi Desemba. Uganda, iliyokuwa imeanza mfumo mpya wa kutangaza riba mwezi Julai tu, ilitoka asilimia 13 hadi 23 kufikia Novemba. Tanzania ilikuwa bado ikiongoza sera yake kwa kudhibiti kiasi cha fedha. Majirani watatu walipigwa na ukame uleule mwaka uleule, na benki zao zilikuwa na zana tofauti. Mwalimu wa uchumi jumla hawezi kupewa maabara iliyo bora zaidi ya hiyo.

Walioitumia maabara hiyo ni wachumi wa IMF. Mwaka 2013 walitoa utafiti kuhusu Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, wakakiri tangu mwanzo kwamba mbinu za kawaida za takwimu hazijafanikiwa sana kuonyesha njia ambazo riba ya benki kuu hupitia hadi kufikia mikopo na bei katika nchi za aina yetu. Kwa hiyo waliamua kufuata mkasa wenyewe hatua kwa hatua: nini kilitangazwa, lini, mabenki yakafanya nini, mikopo na bei vikaenda wapi. Walikuta ushahidi wa wazi katika nchi nyingi kati ya hizo, na wakaeleza kwamba tofauti zilizobaki zilitokana na mfumo wa sera wa kila nchi. Njia hiyo ya masimulizi ilikuwa imekwisha kutumika kwa Marekani tangu 1989. Ninawaambia haya wale wanaosema kwamba historia waachiwe wanahistoria. Mahali ambapo takwimu ni chache na mfumo umebadilika mara nyingi, kulisimulia tukio kwa uangalifu ni mbinu halali ya uchumi jumla, na mtu anayefaa kuifanya kuliko wote ni yule anayeisoma hotuba ya bajeti kwa lugha iliyosomwa nayo bungeni na kumhoji mfanyabiashara wa mahindi bila mkalimani.

Wenzangu wengine hunijibu kwamba vijana wanataka ajira kwenye mashirika ya kimataifa au nafasi za uzamivu ng'ambo, na huko kinachopimwa ni hisabati. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwa watu wanaowatakia vijana mema. Hata hivyo, marehemu Benno Ndulu, aliyesomea uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akawa Gavana wa Benki Kuu kati ya 2008 na 2018, alijulikana kitaaluma kwa kuandika jinsi uhaba wa fedha za kigeni unavyobana ukuaji wa nchi za Afrika. Zana alizipata ng'ambo, na swali alilipata nyumbani.

Nisionekane nalalamika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao yake Nairobi, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988, uliona tatizo hili mapema. Kupitia mpango wake wa pamoja wa uzamili ulioanza mwaka 1993, wanafunzi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali hukutanishwa kusoma masomo ya kuchagua. Mtanzania anapokaa meza moja na Mzambia ambaye nchi yake ilishindwa kulipa wadai wa nje mwaka 2020, na Mkenya aliyeona serikali yake mwezi Februari 2024 ikikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili iweze kulipa deni la 2014 lililokuwa linakaribia kuiva, mjadala wa deni la taifa hauwezi kuwa wa kwenye ubao tu. Tunahitaji mengi zaidi ya aina hiyo ndani ya vyuo vyetu wenyewe.

Ninachoomba kinawezekana bila fedha nyingi. Vyuo vyetu vinavyotoa uzamili wa uchumi viweke semina moja ya lazima ya muhula mzima, itakayosoma matukio mawili au matatu ya uchumi wetu kwa kina, na mtihani wake uwe insha ndefu yenye modeli ndani yake. Tasnifu yoyote inayotumia takwimu za miaka mingi iwe na sura inayoeleza namba hizo zilikusanywaje na mfumo ulibadilika lini, na msimamizi asiipitishe bila sura hiyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ile ya Zanzibar ziwapokee wanafunzi kwa wiki chache wakafuatane na wakusanyaji wa bei sokoni. Benki Kuu na Wizara ya Fedha ziweke mtandaoni taarifa zao zote za mwaka na vitabu vya Hali ya Uchumi wa Taifa tangu mwanzo, pamoja na vile vya miaka ya 1970 na 1980 ambavyo leo mwanafunzi huvitafuta kwenye rafu za maktaba na kukuta baadhi havipo.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri mtaala upitishwe. Watu waliokaa Hazina, Benki Kuu na kwenye mamlaka za mazao miaka ile wanaondoka. Ndulu alifariki Februari 2021. Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha katika miaka hiyo migumu, alifariki Mei 2025. Wapo maofisa wengi wasio na majina makubwa, makatibu, wakaguzi, mameneja wa matawi ya benki na watunza maghala, ambao wanajua leseni za kuagiza bidhaa ziligawiwa vipi na kwa nini pamba ililala ghalani. Nawaomba wakuu wa idara za uchumi wawatume wanafunzi wa mwaka huu, wakiwa na vinasa sauti na barua za utambulisho, wakawahoji wazee hao kabla ya msimu ujao wa udahili, na mahojiano hayo yahifadhiwe maktaba kwa ajili ya kila atakayetaka kuyatumia.

Mwalimu wa uchumi jumla,
Dar es Salaam